Kalenda ya Mlangoni

Kalenda ya duka la mbolea, ya mwaka jana:
nimeigeuza nyuma, nachora mistari kwa wanja.
Mstari mmoja, siku moja bila choo.
Wa sita nauchora asubuhi,
Hemedi amejibanza nyuma ya mlango,
vidole vya miguu vimeng'ata sakafu,
mapaja ameyabana kama mkasi uliofungwa,
jasho juu ya mdomo, macho yameenda mbali.
"Anasukuma," anasema shemeji.
Hasukumi. Nilichelewa kujua: anazuia.

Siku moja, zamani kidogo, jiwe lilimchana.
Tone moja la damu,
na tangu hapo yeye na choo wamenuniana.

Bi Mwanamkasi, mama mkwe, akaleta kipande cha sabuni
alichokichonga kama penseli.
Mtoto alipiga ukelele
hadi Barabara ya Kumi na Mbili nzima ikapunguza redio.
Nikasema, "Mama, hapana."
Sijawahi kumwambia hapana.
Siku mbili hakugusa chakula changu.

Chekechea walimrudisha, chupi ndani ya mfuko wa nailoni.
"Mkubwa huyu, anajichafua. Mfunze."
Nilimfunza. Nasema hapa, maana sina pengine pa kusema:
nilimchapa
kwa kitu kilichomtoka bila kumwuliza.

Bombo. Benchi la mbao, namba thelathini na moja.
Dakta Shemhilu alisugua viganja kwanza, vipate joto,
ndipo akagusa tumbo.
"Hapa," akauweka mkono wangu.
Donge, kama kiazi ndani ya soksi.
"Utumbo umevutika, umechoka kuita.
Kinachochafua nguo ni majimaji
yanayopenya pembeni ya mzigo. Si utundu."
Si utundu.
Nikatazama dirisha, halina hata pazia.

Akaandika sharubati ya kulainisha choo, asubuhi na jioni,
"kwa miezi, mama. Miezi. Siyo mpaka Ijumaa."
Nikamuuliza vile vijidudu vizuri vya kwenye kopo,
shoga yangu wa Chumbageni anavisifu,
bei yake kilo nne za unga.
Akatabasamu upande. "Huenda vikasaidia,
huenda visisaidie, bado hatuna hakika.
Dawa ndiyo hii. Hela ya kopo nunulia papai.
Mgando anapenda? Mpe, ila usimjaze maziwa
akakosa nafasi ya maharage."

Wiki ya pili sikuchora kitu.
Nikajiona daktari. Chupa nikaipandisha juu ya kabati.
Siku kumi tu,
mkasi ukafunga tena nyuma ya mlango.

Basi upya. Kijiko. Kijiko.
Baada ya chai, dakika tano juu ya poti la bluu,
nyayo zimetulia juu ya tofali,
bila fimbo, bila "haraka."
Namsimulia mbuzi wa Mzee Kidege
aliyekula noti ya elfu tano,
mtaa mzima ukawa unamfuata kwa nyuma, unangoja.
Hemedi hucheka mpaka mabega yanashuka,
na kicheko, jamani,
hulegeza ambacho sabuni haikulegeza.

Jumanne, mvua za vuli, nakoroga unga wa vitumbua.
"Mama! Njoo uone! Kubwa!"
Nikaenda na mikono myeupe.
Bi Mwanamkasi amenitangulia,
ameinamia poti kama anayesoma barua kutoka Maskati.
"Laini," akasema.
Akaenda zake kufunua sufuria, akajipakulia.

Chupa imebaki nusu, nyingine nimeshaiwekea hela.
Begi la chekechea lina chupi mbili za akiba.
Usiku, shuka hadi kidevuni, ananiuliza:
"Yule mbuzi, noti aliirudisha?"
"Aliirudisha. Siku ya nne."
"Ilimuuma?"
"Kidogo."
"Walimpiga?"
Nikazima taa kwanza.
"Mwenye noti alimpiga. Kisha akajuta."
Kimya. Nikadhani amelala.
"Mbuzi hajui," akasema Hemedi.